Chokaa au saruji?

Nilipoweka kiganja kwenye nguzo, ubaridi ulinipanda hadi kwenye kiwiko.

Ilikuwa asubuhi ya Novemba, ndani ya ua wa kasri la Berlin, ule wanaouita Schlüterhof. Mvua ilikuwa nyembamba, haijaamua kama inyeshe au iache. Pande tatu za ua zimejaa nguzo ndefu, sanamu zilizosimama juu ya nguzo, madirisha yenye mataji ya mawe. Upande wa nne ni ukuta wa kisasa, mistari iliyonyooka na uwazi wa mstatili, hauna ua la jiwe wala tai. Kama mtu aliyevaa kanzu ya darizi mbele, nyuma akabaki na singilendi.

Nikapiga picha ya upande wa darizi, nikamtumia mjomba wangu Unguja.

Mjomba ni mwashi. Ameshika mwiko tangu sijazaliwa, na mkate wake umetoka kwenye majumba ya Mji Mkongwe: kuta nene za mawe na chokaa, boriti zilizooza, roshani zinazoning'inia kwa rehema za Mungu. Nilitegemea aniandikie mashallah. Badala yake alituma sauti ya sekunde nne.

"Mjomba, hiyo chokaa au saruji?"

Nikacheka peke yangu uani. Kisha nikagundua sina jibu. Wiki sita sasa swali hilo limenikalia kooni kama mwiba wa changu.

Hasira zangu na anwani yake

Lazima nikiri kwamba nilikwenda pale na hasira iliyoandaliwa nyumbani. Sisi tuliosoma historia kwa mwalimu mwenye ramani ukutani tunaijua Berlin kama meza: watu wazungu wameizunguka, wanagawana Afrika. Mimi meza hiyo nilikuwa nimeiweka ndani ya kasri hili, chini ya kuba hili. Nilikuwa hata nimechagua dirisha.

Haikuwa hapa. Mkutano wa 1884 na 1885 ulifanyika kwenye ofisi ya Bismarck, chansela wa Ujerumani, mtaa wa Wilhelmstrasse, na jumba lile halipo tena. Hata Kaisari Wilhelm wa Kwanza, aliyeipa kampuni ya Carl Peters barua ya ulinzi juu ya nchi za kwetu Afrika Mashariki tarehe 27 Februari 1885, hakuwa akiishi ndani ya kasri hili. Alipendelea jumba dogo zaidi kwenye barabara ya Unter den Linden. Aliyehamia hapa ni mjukuu wake, Wilhelm wa Pili, aliyeshika kiti mwaka 1888. Kwa hiyo wakati wa vita vya Maji Maji, wakati Nduna Songea Mbano ananyongwa mwaka 1906, mwenye nyumba alikuwa yeye, na nyumba ilikuwa hii.

Hasira ilikuwa na anwani, basi. Ila siyo niliyokuwa nimeiandika juu ya bahasha.

Na kuna jambo la pili, gumu zaidi kulisema.

Jumba ni zuri.

Fundi na mnara wake

Usanifu wa baroko, mtindo wa fahari wa Ulaya ya wakati huo, haukutengenezwa ili uuangalie ukiwa umesimama wima na mikono mfukoni. Unataka utembee. Ukienda hatua tano, kivuli chini ya ukingo wa paa kinahama, tai juu ya lango anageuza bawa, nguzo iliyokuwa bapa inakuwa mviringo. Jua la pale ni bahili, na ndiyo maana mawe yamechongwa kwa kina hivyo: hata mwanga kidogo upate pa kujificha. Nilizunguka ua mara tatu nikijiambia nakagua. Sikuwa nakagua. Nilikuwa nafurahi.

Aliyefanya haya ni Andreas Schlüter, mchonga sanamu kabla hajawa msanifu majengo. Ukivuka daraja tu kutoka kwenye kasri, ndani ya ua wa jengo lililokuwa ghala la silaha, ziko nyuso 22 za askari wanaokufa, kazi yake. Midomo wazi, macho yanazimika. Jengo limejengwa kusifu vita. Yeye akachonga bei yake. Kuanzia 1699 mtu huyo alikabidhiwa kasri. Mtawala wa Brandenburg, Friedrich wa Tatu, alikuwa anatafuta taji, na tarehe 18 Januari 1701 alijivika mwenyewe kule Königsberg akawa mfalme. Mfalme mpya alihitaji nyumba inayofanana na cheo. Schlüter akalichukua jumba la zamani, lililokuwa limeunganishwa kipande kipande tangu 1443, akalivika sura moja ya Kirumi.

Halafu ukaja mnara.

Mfalme alitaka mnara mrefu pembeni ya kasri, ndani yake maji yapandishwe kwa ajili ya chemchemi za bustani, juu yake kengele ziimbe. Pale ni kisiwa katikati ya mto Spree. Chini ni mchanga na tope. Mnara ulipopanda, ukapasuka. Schlüter akaongeza kuta za kuushikilia, na kuta zikaongeza uzito. Mnara ukaanza kuinama. Mwaka 1706 ukabomolewa kabla haujaanguka wenyewe, naye akapoteza cheo chake cha usanifu. Alikufa mwaka 1714 huko St. Petersburg, kwenye kazi ya mfalme mwingine, juu ya kinamasi kingine.

Nilimsimulia mjomba kisa hiki kwa simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani bando limekata.

"Maskini," akasema. "Unalala, unausikia ukuta unapasuka usingizini. Unaamka usiku unakwenda kuutazama kwa tochi."

Aliyempokea Schlüter, Eosander von Göthe, aliongeza upande wa magharibi na lango lililoigwa kwenye tao la Septimius Severus lililopo Roma. Naye alitimuliwa mwaka 1713 mfalme bahili alipoingia. Kazi ikamaliziwa 1716. Kuba lilikuja karne ya kumi na tisa, na nitalirudia.

Mdogo kuliko mpwa wangu

Sasa tulirudie swali la mjomba, maana hapo ndipo miguu yangu ilipoanza kuteleza.

Nguzo niliyoigusa haikuchongwa wakati wa Schlüter. Jumba lenyewe liliungua kwa mabomu ya tarehe 3 Februari 1945. Kuta zilisalia, na zingeweza kutengenezwa, lakini serikali ya Ujerumani Mashariki haikutaka kumrithi mfalme. Kuanzia Septemba hadi Desemba 1950 wakalilipua kwa baruti, upande kwa upande, pakabaki uwanja wa gwaride. Katika miaka ya 1970 wakajenga juu ya sehemu yake Palast der Republik, jumba la vioo vya rangi ya shaba, ndani yake bunge, migahawa, ukumbi wa muziki, hata bolingi. Lilifunguliwa 1976. Lilifungwa 1990 kwa sababu ya asbesto, nyuzi za ujenzi zinazodhuru mapafu. Mwaka 2002 bunge la Ujerumani iliyoungana likaamua kasri la zamani lirudishwe, na kati ya 2006 na 2008 Palast ikavunjwa nayo. Chuma chake kingine kilikwenda kuuzwa, kikafika Dubai, kikaingia kwenye Burj Khalifa.

Jiwe la msingi la kasri jipya liliwekwa Juni 2013. Zaidi ya euro milioni 600 zikatumika. Milango ilifunguliwa kwa umma Julai 2021.

Kasri la kifalme, na mpwa wangu wa darasa la tatu ni mkubwa kwake.

Ndani ni zege. Msanifu wake, Franco Stella kutoka Vicenza, hakuficha hilo: ukuta wa zege unabeba mzigo wote, mbele yake kuna tabaka la kuzuia baridi, mbele yake tena ukuta wa matofali uliokamatana na mawe ya mchanga yaliyochongwa. Pande tatu za nje zimevaa sura ya zamani. Upande wa mashariki, unaotazama mto, hauigizi chochote.

Nikamwandikia mjomba: "Saruji. Ndani saruji, nje matofali na jiwe."

Akajibu: "Basi wamelivika."

Kwenye ghorofa moja nilizungumza na mlinzi wa makumbusho, mzee mwenye mvi na miwani iliyofungwa uzi. Alipojua natoka Tanzania aliniuliza kama nimeshakwenda kumwona mjusi wetu, yule dinosaria. Nikamwambia nimemwona, yule wa Tendaguru, ila yuko makumbusho nyingine na anahitaji siku yake. Akacheka. Kisha, bila kuulizwa, akapiga sakafu kwa kisigino: "Hapa palikuwa na bolingi. Nilimleta mke wangu kabla hajawa mke wangu."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nilikuja na huzuni ya kwangu, nikakuta kuna mwenyeji naye amebomolewa.

Mtu aliyeponea Wetzlar

Unawezaje kurudisha uso wa jumba lililolipuliwa, tai kwa tai, jani kwa jani?

Mwaka 1858 kijana mmoja, Albrecht Meydenbauer, alitumwa kupima kanisa kuu la mji wa Wetzlar. Akiwa juu, nusura aanguke afe. Aliposhuka alikuwa na wazo: kwa nini mtu aning'inie ukutani na kamba ya kupimia, wakati picha iliyopigwa kwa hesabu inaweza kupimwa mezani? Ilimchukua miaka mingi kuwashawishi wakubwa. Hatimaye ofisi yake ya picha za vipimo ikafunguliwa Berlin, ofisi ya serikali ya Prussia, ikapiga majengo ya nchi nzima kwenye vioo vikubwa, kasri likiwemo. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mafundi wa Spandau, pembeni mwa Berlin, waliweka picha kama hizo mbele yao wakafinyanga kwanza udongo, wakamwaga plasta, ndipo wakagusa jiwe. Karibu vipande 3,000 vya nakshi, vichwa vya kondoo dume, mashada, nyuso.

Ofisi ile ilifunguliwa mwaka 1885.

Mwaka ule ule wa barua ya ulinzi.

Nilipoziona tarehe hizi mbili pamoja nilifunga kompyuta nikaenda kuchemsha chai. Sitaki kusema moja imezaa nyingine, maana si kweli. Ila ni serikali moja, mwaka mmoja, na mkono wake mmoja unaandika kwa makini ya milimita jani la jiwe juu ya dirisha lake, na mwingine unatia muhuri juu ya nchi ambayo haujaiona.

Ghorofani

Ndani ya kasri sasa ni Humboldt Forum, na humo imehamia sehemu ya makumbusho ya mila ya Berlin. Makumbusho hiyo ina takriban vitu 10,000 kutoka Tanzania. Vingi havionekani, viko stoo huko Dahlem, kusini-magharibi mwa mji. Vililetwa na maafisa wa jeshi, watawala wa wilaya, wamisionari, wasafiri. Vingine vilinunuliwa. Vingine viliokotwa baada ya vita, na aliyekuwa navyo hakuwa hai kukubali wala kukataa bei.

Nilisimama mbele ya kabati la vioo muda mrefu nikisubiri kulia, na sikulia. Nilichohisi ni kitu kidogo zaidi, cha aibu hata kukiandika: nilitaka kukishika. Mkuki una mpini, na mpini una mahali palipolainika kwa mkono wa mtu. Nje niligusa nguzo ya kuigwa na hakuna aliyenizuia. Ndani, cha kweli kiko nyuma ya kioo.

Mwaka 2022 Ujerumani ilikubali kuirudishia Nigeria umiliki wa shaba za Benin, sanamu zilizoporwa huko. Novemba 2023 Rais Steinmeier alikwenda Songea akaomba radhi. Nayataja haraka kwa sababu mnayajua, na kwa sababu sijui niyaweke wapi ndani ya hadithi ya nguzo.

Mtu mmoja nilimfikiria sana pale: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne iliyopita, akaishia kufia huko. Wanafunzi wake wengine walikuwa wanajiandaa kuja kututawala. Aliyajua mawe ya mji ule kwa viatu vyake. Je, aliwahi kusimama mbele ya kasri, lile la kweli, akaliona zuri? Na kama aliliona zuri, alimwambia nani?

Kuba

Kuba liliongezwa na Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne kati ya 1845 na 1853, siku ambazo raia walikuwa wanadai katiba. Akalizungushia maandishi ya dhahabu kutoka kwenye Biblia, kwamba hakuna wokovu kwa jina jingine, na kwamba kwa jina la Yesu kila goti lipigwe. Waliojenga upya waliyarudisha maneno, pamoja na msalaba juu yake mwaka 2020, na Wajerumani wenyewe wakagombana: nyumba ya tamaduni za dunia, halafu mlangoni kila goti?

Mimi Mwislamu wa Malindi ya Unguja nilisoma tafsiri kwenye simu, nikafunga koti, nikaenda kutafuta kahawa. Sikuudhika kama nilivyotarajiwa kuudhika. Kitu kimoja tu nilikiona: walikuwa na uhuru wa kuchagua. Kila kitu kwenye jumba lile kimechaguliwa. Mwaka 1950 walichagua kusahau, 2002 wakachagua kukumbuka, na ndani ya kukumbuka wakachagua tena: kuba ndiyo, bolingi hapana.

Malango mawili

Tarehe 9 Novemba 1918, baada ya Kaisari kuondoka, Karl Liebknecht alitangaza jamhuri ya kijamaa kwenye lango la nne la kasri. Kwa sababu hiyo, walipolipua jumba 1950, Ujerumani Mashariki waliliokoa lango hilo, na mwaka 1964 wakalibandika kwenye jengo jipya la Baraza la Taifa, ng'ambo ya uwanja. Leo jengo lile ni chuo cha biashara, na lango bado lipo. Kasri lilipojengwa upya, likachongewa lango la nne jipya mahali pake.

Kwa hiyo yako mawili, yanatofautiana mwendo wa dakika tano. Moja ni la zamani lakini haliko kwao. Jingine liko kwao lakini si la zamani. Na hata lile la zamani, mawe yake ya asili ni sehemu tu. Yaliyobaki yalichongwa upya miaka ile ya sitini.

Nilikwenda na kurudi kati yake mara mbili kwenye mvua. Kama kuna mtu aliniona, samahani, sikuwa mgonjwa.

Siku tisa

Humboldt Forum ilizinduliwa kwa mtandao tarehe 16 Desemba 2020, kwa ajili ya korona.

Siku tisa baadaye, Ijumaa ya tarehe 25 Desemba, Beit al-Ajaib ya Unguja ikaanguka.

Sina haja ya kuwaeleza Beit al-Ajaib ni nini. Sultani Barghash aliijenga 1883, ikanusurika mizinga ya Waingereza ya 1896, ikawa na taa za umeme wakati wengi wetu tulikuwa na koroboi. Ikaanguka sehemu ya mbele pamoja na mnara wa saa, katikati ya matengenezo, watu wawili wakafa. Mjomba alisikia mshindo. Hajawahi kunisimulia zaidi ya hapo, na mimi sijamdai.

Tangu siku ile anabishana barazani na wenzake. Kuna wanaotaka irudi kama ilivyokuwa, hata kama ni kwa zege na chuma. Kuna wanaosema kilichokufa kizikwe, pajengwe kingine cha heshima. Mjomba alikuwa wa kundi la tatu, la peke yake: ijengwe kwa chokaa au isijengwe. Saruji, anasema, haipumui. Ukiilaza juu ya mawe yetu inafungia maji ndani na chumvi inakula ukuta kwa siri. Hilo ni kweli, nimeona kuta hizo. Lakini nadhani alikuwa anasema na jambo jingine, kwamba nyumba ni ile mikono iliyoijenga, na mikono ya chokaa inapungua.

Nikamwambia habari za Spandau. Nikamwambia wachongaji wale nao walilazimika kujifunza upya mkono wa Schlüter, kwa sababu hapakuwa na aliyeubakisha. Walianza na udongo, kama watoto.

"Walijifunza kwa picha?"

"Kwa picha, na kwa vipande vilivyookolewa."

"Na wakaweza?"

Nikaitazama ile picha niliyompelekea, ya nguzo kwenye mvua. Nilipoigusa sikujua. Hiyo ndiyo kweli yangu, na inaniudhi mpaka leo: mkono wangu haukujua.

"Waliweza, mjomba."

Hakusema kitu. Wiki iliyofuata akanitumia picha ya picha, imepigwa juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Shangazi, siku ya Idi, miaka ya sabini, buibui na pochi mpya, amesimama mbele ya Beit al-Ajaib. Mpigaji amemkata miguu. Nyuma yake inaonekana baraza ya chini, na juu kidogo roshani ya kwanza.

Chini ameandika: "Ikuze. Nihesabie fito za roshani kutoka nguzo hadi nguzo."

Nimeikuza mpaka imekuwa mchanga. Nimehesabu kumi na moja. Zilizobaki zimezibwa na kichwa cha shangazi.